Anaangukia kwa nani? Lamar, Shedeur na zile saa za kusubiri simu

Jumamosi ya tarehe 17 Septemba 2016 sikuiona mechi ile ya mpira wa Kimarekani, niliisikia. Nilikuwa na miezi kama kumi hivi Louisville, Kentucky, nakaa kwa dada yangu, na kanisa letu lilichukua kibanda kimoja ndani ya uwanja wa chuo kikuu tuuze hotidogi, bisi na soda, sehemu ya mauzo inaingia mfuko wa kwaya. Juu ya friji kulikuwa na tivii ndogo, na ile tivii ilikuwa inachelewa sekunde kadhaa, kwa hiyo zege linatetemeka kwanza, watu karibu 55,000 wanapiga kelele, wewe umeshika chupa ya haradali unainua macho juu, ndipo unamwona kijana mwembamba jezi namba 8 ndo anaanza kukimbia. Kelele inatangulia, picha inafuata. Lamar Jackson alihusika kwenye tachidauni tano siku ile, tachidauni ndo bao lao, kuufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wenzako. Louisville 63, Florida State 20, na Florida State walikuja wakiwa namba 2 nchi nzima.

Pale kibandani soseji alikuwa anageuza mzee mmoja wa Uvira, Kongo, muumini mwenzetu, ambaye alifika Marekani miaka mingi kabla yangu na mchezo huu anaujua kama ameuzaliwa nao. Kila kelele ikipanda anasema kitu kile kile bila hata kuangalia tivii. "Huyu mutoto hawatamushika. Dada, huyu mutoto hawatamushika." Mimi sikuwa najua sheria hata moja, sikujua kwa nini wanasimama kila sekunde tano, ila nilichokielewa ni kwamba kuna mtu mmoja mle uwanjani anafanya wenzake waonekane wamevaa gamubuti.

Nimeanza na hiyo siku kwa sababu watu wengi wanaozungumzia kuporomoka kwa kwotabeki kwenye drafti wanaanza na usiku wa drafti, wanaanza na kamera ikimulika sura ya kijana aliyenuna. Mimi naanza pale ambapo wote tuliona. Timu zote 32 za NFL, ligi kuu yao, ziliona. Mwisho wa mwaka ule Lamar akachukua Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, ana miaka 19, hakuna aliyewahi kuichukua akiwa mdogo hivyo. Msimu huo alirusha yadi 3,543 na kukimbia yadi 1,571, na mwaka uliofuata akapandisha zote mbili, 3,660 na 1,601. Halafu ilipofika kumchagua wakaanza kuuliza kama huyu kweli ni kwotabeki.

Kwa asiyeufuatilia mpira wa Kimarekani nieleze haraka twende pamoja. Kule kijana hatoki tu na wakala wake kuchagua timu kama usajili wa Simba na Yanga. Wanaotoka vyuoni wanaingia kwenye drafti (siyo ile ya vizibo vya soda kijiweni), timu zinapanga foleni, iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita inachagua ya kwanza, bingwa wa mwisho, raundi saba, na ukishatajwa ndo umetajwa, hiyo ndiyo timu yako na mji wako na kocha wako, huna kauli. Kwotabeki ndiye anayeshika mpira karibu kila shambulizi linapoanza, yeye ndiye anasoma ulinzi wa wenzake, anaamua kurusha, kumpa mtu au kukimbia mwenyewe, na ana kama sekunde mbili na nusu tatu hivi kabla mtu wa kilo 130 hajamfikia. Ni nafasi ngumu kuliko zote na ndiyo inayolipwa kuliko zote. Na kwa sababu hiyo ndiyo nafasi ambayo wenye timu wanaiogopa kuliko zote, maana ukikosea kumchagua kwotabeki unafukuzwa kazi.

Sasa Aprili 26, 2018. Drafti inafanyika Arlington, Texas, na mzee wa Uvira kaniita kwake mimi na dada yangu, mama watoto kapika sombe (kisamvu) na samaki, bukari (ugali) imefunikwa kitambaa, watoto wamejaa kwenye kapeti. Tumekaa toka saa mbili usiku. Cleveland Browns wanachagua wa kwanza wanamchukua Baker Mayfield. Namba 3 New York Jets wanamchukua Sam Darnold. Namba 7 Buffalo wanamchukua Josh Allen. Namba 10 Arizona Cardinals wanamchukua Josh Rosen. Makwotabeki wanne wameshapita, na kijana wetu amekaa kwenye kile chumba cha kusubiri na mama yake Felicia Jones pembeni, maana hakuwa na wakala, mama ndiye aliyekuwa anasimamia mambo yake.

Na hapa ndo mzee alianza kukasirika kweli. Ravens wa Baltimore walikuwa na namba 16, wakaiuza nafasi wakashuka. Wakawa na 22, wakaiuza tena wakashuka. Namba 25 wakabaki nayo, tukasema haya sasa, wakamchukua Hayden Hurst, mchezaji wa kudaka na kuzuia. Yaani hata hao waliokuja kumchukua baadaye walimpita mara tatu usiku ule ule. Mzee akaweka bakuli chini akasema, "Hata hawa nao?" Watoto wamelala mmoja mmoja. Karibu saa sita usiku, ikabaki nafasi ya mwisho kabisa ya raundi ya kwanza, namba 32, ya Philadelphia Eagles mabingwa, halafu ghafla inatangazwa Ravens wameinunua wanarudi. Wameilipa kwa nafasi yao ya raundi ya pili ya mwaka ule, ya raundi ya nne, na ya raundi ya pili ya mwaka unaofuata, wakarudishiwa kanafasi ka raundi ya nne. Lamar Jackson. Mzee hakushangilia, alisimama akaenda kuosha mikono, akarudi akakaa, akawa anafuta macho na kile kitambaa cha bukari.

Aliyemsubiri Lamar na maikrofoni alipotoka pale jukwaani ni Deion Sanders, gwiji wa zamani aliyekuwa mtangazaji wakati huo. Lamar akamwahidi kwamba Baltimore watapata Super Bowl, yaani ubingwa wa ligi, kutoka kwake. Shika hilo jina la Deion, tutarudi.

Watu wanapenda kusema "ilikuwa heri kwake". Sikubaliani hivyo kirahisi. Mkataba wa kwanza wa Mayfield ulikuwa kama dola milioni 32 na ushee kwa miaka minne, wa Lamar kama milioni 9 na nusu. Hiyo tofauti haina heri yoyote ndani yake, ni pesa ya mtu aliyechezea mwili wake. Na sababu zilizotajwa zilikuwa zinauma. Bill Polian, mzee aliyejenga timu kubwa kubwa na jina lake lipo kwenye jumba la magwiji, alisema hadharani kwamba huyu kijana abadilishe nafasi awe mdakaji, ati mfupi, mwembamba, harushi sawasawa. Mwaka 2019 alikiri alikosea. Lakini kijana mweusi mwenye mbio kuambiwa aache ukwotabeki lilikuwa jambo la zamani sana kule, vizazi na vizazi wameambiwa hivyo, na Lamar akakataa hata kukimbia mbio za yadi 40 mbele ya maskauti ili wasipate kisingizio. Alikataa pia mazoezi ya udakaji. Wapo waliomwona jeuri. Mimi namwona mtu aliyejua kazi yake.

Heri yake ilikuwa kwa waliompokea, na hapo ndo nataka tukae kidogo, kwa sababu kufiti na timu linasemwa kama kitu cha bahati tu kama vile kiatu kimekuenea, kumbe ni kazi watu wanaifanya kwa mikono.

Angalia Ravens walifanya nini. Kocha wa mashambulizi alikuwa Marty Mornhinweg, aliyefanya kazi na Michael Vick pale Philadelphia. Kocha wa makwotabeki, James Urban, naye alikuwa na Vick kule kule. Ndani ya nyumba tayari alikuwepo Greg Roman, aliyemfundisha Colin Kaepernick San Francisco. Vick na Kaepernick wote ni makwotabeki wakimbiaji. Kwotabeki wa akiba alikuwa Robert Griffin III, mkimbiaji mwingine, maana yake Lamar akiumia hubadilishi kitabu kizima cha michezo, yaani mipango ya kushambulia. Kwenye drafti ile ile walichukua Mark Andrews raundi ya tatu na Orlando Brown, jitu la kuzuia pembeni. Na juu ya yote alikuwepo Joe Flacco, aliyewapa Super Bowl 2013, kwa hiyo hakuna aliyekuwa anamlazimisha kijana aingie siku ya kwanza.

Novemba Flacco akaumia nyonga. Ravens wameshinda 4 wamepoteza 5. Lamar akaanza dhidi ya Cincinnati akakimbia na mpira zaidi ya mara 25, wakashinda 24 kwa 21, halafu akashinda sita kati ya saba za mwisho wakaingia mtoano. Mtoano wakafungwa na Chargers, na alicheza vibaya sana karibu mechi nzima, uwanja wa nyumbani ukamzomea, na nilijua kabisa kinachokuja, watasema tuliwaambia. Kocha mkuu John Harbaugh hakumtoa. Januari wakampandisha Greg Roman kuwa kocha wa mashambulizi, wakakaa chini wakaandika mashambulizi yote upya kumzunguka Lamar. Hawakuyarekebisha, waliyaandika upya. Wadakaji wakubwa watatu wanaoweza pia kuzuia, Patrick Ricard mwenye kilo karibu 140 anaingia kumsafishia njia, Mark Ingram kaletwa kukimbia, na kila shambulizi linamlazimisha beki wa pembeni achague, nimfuate Ingram au nimfuate Lamar, na ukichagua tu umeshachelewa. Msimu wa 2019 Ravens walikimbia yadi 3,296, hakuna timu iliyowahi kufika hapo. Lamar yadi 1,206 za miguu na tachidauni 36 za mikono, timu ikashinda 14 ikapoteza 2, na kura zote 50 za mchezaji bora wa ligi zikaenda kwake. Zote.

Mzee wa Uvira alinipigia saa tisa usiku niko zamu, hakusalimia, akacheka tu muda mrefu halafu akakata.

Na sitaki mtu anielewe kwamba kila kitu kilinyooka. Super Bowl ile aliyomwahidi Deion bado haijafika. Lakini alipata tuzo ya pili ya mchezaji bora kwa msimu wa 2023, na mwaka huo huo akasaini mkataba wa dola milioni 260 bado hana wakala.

Sasa mchukue Josh Rosen. Namba 10, amemtangulia Lamar kwa nafasi 22, wachambuzi wengi wanasema mkono wake ndo wa darasani kuliko wote. Anafika Arizona, kocha mkuu Steve Wilks ni mgeni, kocha wa mashambulizi anafukuzwa Oktoba msimu haujafika katikati, ukuta wa mbele unavuja, timu inashinda 3 inapoteza 13, Wilks anafukuzwa baada ya mwaka mmoja, anakuja kocha mpya anayemtaka Kyler Murray, wanamchukua Murray namba 1, na Rosen anauzwa Miami. Mwaka mmoja. Hakuwahi kusimama tena. Inawezekana hakuwa mzuri kihivyo, sibishi, lakini niambie nani alipata nafasi ya kujua. Na Mayfield, wa kwanza kabisa, kapita Cleveland, kapita Carolina, kapita Los Angeles, ndo kaja kutulia Tampa Bay. Darnold ndo hivyo hivyo, Jets walimchosha, miaka inapita, 2024 yuko Minnesota na kocha anayemwelewa akashinda mechi 14. Mkono ni ule ule.

Kuna hii nyingine ya zamani ambayo mzee aliniambia, na nilipoifuatilia nikakuta ina kitu ambacho hata yeye hakukisema. Aprili 2005, New York. Aaron Rodgers wa Chuo Kikuu cha California, kijana wa Chico aliyemaliza sekondari hakuna chuo kikubwa kilichomtaka, akaenda chuo kidogo cha Butte, akaonekana kwa sababu kocha Jeff Tedford alikuja pale kumtazama mchezaji mwingine. San Francisco 49ers, timu aliyoshabikia toka mtoto, ndio wana namba 1. Wakamchukua Alex Smith. Rodgers akakaa zaidi ya saa nne kwenye kile chumba, meza za jirani zinaondoka watu na wazazi wao na kofia mpya, yeye kabaki na kamera. Moja ya sababu ilikuwa makwotabeki waliotangulia wa Tedford hawakufanya vizuri ligi kuu, kwa hiyo anahukumiwa kwa makosa ya wengine. Namba 24 Green Bay Packers wakamchukua, wakati kwotabeki wao gwiji Brett Favre yupo na hana mpango wa kuondoka.

Na sikia hili sasa. Msimu ule wa 2005 kocha wa mashambulizi wa 49ers alikuwa Mike McCarthy. Alex Smith akacheza mwaka wa kwanza akarusha tachidauni 1 na kunyang'anywa mipira 11. Januari 2006 McCarthy akaondoka kwenda kuwa kocha mkuu wa Green Bay, yaani akaenda kumkuta yule ambaye timu yake ilimwacha, akamkalisha darasani, akamshusha hata namna ya kubeba mpira maana Tedford alimfundisha kuubeba juu sikioni. Miaka mitatu Rodgers yuko nyuma ya Favre. Huku nyuma Alex Smith kila mwaka anapewa kocha mpya wa mashambulizi, 2006 mwingine, 2007 mwingine, 2008 mwingine, kila mwaka anajifunza lugha mpya ya kuita michezo, na bega linaumia juu yake. Rodgers akaja akachukua Super Bowl Februari 2011 na mchezaji bora wa ligi mara nne. Smith naye akaja akawa mzuri sana, lakini alipopata kocha aliyekaa, miaka sita baadaye. Aliyechaguliwa wa kwanza ndiye aliyeumizwa.

Nina sababu yangu ya kulishika sana jambo hili. Nyumbani nilisomea uuguzi, nimefanya kazi wodini, vidonda ndo vilikuwa vyangu, hata vile ambavyo wenzangu walikuwa wanavikwepa. Kazi yangu ya kwanza ya kulea wazee hapa Louisville niliwekwa kwenye chumba cha kufulia. Miezi minane. Kila wiki naangalia ratiba ukutani, jina langu, chumba cha kufulia. Nikiuliza naambiwa Kiingereza changu bado, sasa mashuka yanazungumza Kiingereza? Nilianza kuamini. Hilo ndilo watu hawalijui, ukikaa sana pale walipokuweka unaanza kuamini ndipo ulipo. Nikahamia sehemu nyingine na mama mmoja, muuguzi mkuu wa pale, mweusi wa Kentucky hapa hapa, wiki ya kwanza akaniuliza nyumbani ulikuwa unafanya nini hasa. Hasa. Nikamwambia vidonda. Akasema njoo, akanipeleka kwa bibi mmoja aliyekuwa na kidonda cha mgongo cha kulalia, akasimama pembeni akaniangalia nikikisafisha na kukifunga bandeji, hakusema kitu, alipotoka akanibadilishia ratiba. Yeye ndiye aliyenisukuma nikafanya mtihani wa leseni, nikaupata 2019, msimu ule ule wa Lamar. Kwa hiyo nikisikia mchambuzi anasema "mchezaji mzuri atang'aa popote" nazima redio.

Turudi kwa Deion. Mwanawe Shedeur Sanders, kwotabeki, alichezea vyuo vya Jackson State kisha Colorado, kote baba yake ndiye kocha. Msimu wa 2024 alirusha yadi 4,134, tachidauni 37, na asilimia 74 ya mipira aliyorusha ilidakwa. Hapo hapo ukuta wake wa Colorado ulimwacha akaangushwa chini mara 94 kwa misimu miwili, 52 na 42. Hapo ndo wachambuzi wakagawanyika, wengine wanasema anavumilia, wengine wanasema anachelewesha mpira, anarudi nyuma nyuma yadi kumi akitafuta mchezo mkubwa. Mimi nilizitazama mechi nyingi na naona wote wana kipande cha ukweli. Ila sikumsikia aliyesema ni wa raundi ya tano.

Aprili 2025 drafti ikafanyika Green Bay, mji ule ule ulioupokea uporomokaji wa Rodgers. Shedeur yuko Texas na familia. Alhamisi Cam Ward anakwenda Tennessee namba 1. Giants wanarudi raundi ya kwanza wanamchukua Jaxson Dart namba 25. Ijumaa Tyler Shough namba 40, Jalen Milroe 92. Na Ijumaa hiyo hiyo simu ikalia, akapokea, sauti inajifanya bosi wa New Orleans, halafu inamwambia itabidi usubiri kidogo zaidi. Alikuwa ni kijana wa mmoja wa makocha wa Atlanta aliyeiona namba kwenye kifaa cha baba yake. Ligi ikaipiga Atlanta faini ya dola 250,000 na kocha mwenyewe 100,000. Nimeitazama ile video mara moja tu siwezi tena. Mtu anayesubiri simu ya maisha yake, nyumba imejaa ndugu, na wewe unampigia kumcheka.

Ikasemwa sana kuhusu mahojiano yake na timu, kwamba hakuwafurahisha, habari zenyewe zinaandikwa bila jina la msemaji. Sizipendi habari za namna hiyo, mtu anakusema na wewe huwezi kumjibu. Jumamosi, raundi ya tano, namba 144, Cleveland Browns. Kwotabeki wa sita. Mkataba wa dola milioni 4.6 hivi, Ward kasaini karibu milioni 49.

Na hapa ndo moyo wangu ulipozama, siyo kwenye ile 144. Cleveland jana yake tu walikuwa wameshamchukua kwotabeki mwingine, Dillon Gabriel, raundi ya tatu namba 94. Yaani kabla hujaingia mlangoni tayari kuna kijana wa rika lako aliyelipiwa ghali kuliko wewe. Na wana Kenny Pickett. Na wana Deshaun Watson majeruhi mwenye mkataba mnene. Na wana Joe Flacco! Yule yule Flacco aliyempisha Lamar, sasa ana miaka 40. Na hii ni timu ambayo toka irudi ligini 1999 imeshaanzisha makwotabeki zaidi ya 40. Ilibidi irudi kwa sababu Browns wa kwanza walihamishwa 1996 wakapelekwa Baltimore, ndio hao Ravens. Ozzie Newsome aliyemchagua Lamar drafti yake ya mwisho alikuwa mchezaji mkubwa wa Browns wa zamani. Chimbuko moja, ukoo mmoja, upande mmoja wanajua kulea kwotabeki, upande mwingine kila msimu ni msiba.

Mpangilio wa mazoezi ndo ulimaliza kila kitu. Timu ina nafasi za mazoezi za kutosha kwotabeki mmoja, labda na nusu. Ukigawa kwa wanne, wa nne anakula makombo. Shedeur alianza mechi ya kirafiki Agosti dhidi ya Carolina akarusha tachidauni mbili, akarudi kule nyuma. Flacco akaanza msimu, Oktoba wakampa Gabriel mechi ya London dhidi ya Minnesota, siku mbili baadaye Flacco kauzwa Cincinnati. Shedeur akawa wa pili kwa jina, kwa mazoezi na kikosi cha kwanza hana.

Novemba 16, 2025, Gabriel anagongwa kichwa, hatoki tena baada ya mapumziko. Anaingia Shedeur. Na upande wa pili wa uwanja wamekuja nani, Ravens. Lamar. Nilikuwa sebuleni nimekaa wima. Mipira 16 aliyorusha ilidakwa 4, yadi 47, mmoja ukanyang'anywa, Cleveland wakafungwa 23 kwa 16. Usiku ule mitandao ilimla. Mimi nilikuwa naangalia kitu kingine, nilikuwa naangalia anavyofika sehemu anaangalia kulia mdakaji hayupo, hawajawahi kukutana pale, anawaza, na akiwaza tu jitu limefika. Huyo ni mtu anayeongea na watu ambao hajawahi kukaa nao meza moja.

Wiki iliyofuata wakamfanya wa kwanza. Kwa mara ya kwanza toka afike akafanya mazoezi wiki nzima na kikosi cha kwanza, na michezo ikaandaliwa kwa ajili yake. Wakaenda Las Vegas. Mapema tu akasogea pembeni, akaona, akauachia mrefu kwa Isaiah Bond, yadi 52. Baadaye pasi fupi kwa Dylan Sampson ikakimbizwa yadi 66 mpaka tachidauni. Yadi 209, Cleveland 24, Raiders 10. Hakuwa mzuri wa kutisha, tuseme ukweli, alinyang'anywa mpira mmoja na ulinzi wa Myles Garrett ndio uliobeba mechi. Lakini ulikuwa unaona mtu anayejua wenzake wako wapi.

Mzee wa Uvira miguu inamsumbua siku hizi, hafanyi kazi tena, nilimpigia mechi ilipoisha nikijua hajalala. Nikamuuliza umeonaje.

"Ni mazoezi ya wiki moja tu hii," akasema. "Moja tu, dada." Kisha akaniuliza Jumapili Cleveland wanacheza na nani, na saa ngapi, ili amwambie mama watoto asiweke mgeni.